Friji ya Usufi

Enzi zetu kule Msambweni, maji ya baridi yalikuwa ya mtungi, na mtu akikwambia amewahi kuonja barafu ulimtazama midomo. Leo wajukuu wangu wakikosa barafu kwenye juisi hununa kana kwamba wamefiwa.

Baba alikuwa fundi wa baiskeli, na kwake hakuna kitu kilichokufa. Vyote vilikuwa vinangoja spea. Uhuru ulipokuja, mzungu mmoja wa Diani alifungasha akaenda zake, akaacha friji ya mafuta ya taa iliyoliwa na kutu mpaka mbavuni. Baba akang'oa mabomba yake, yale ambayo huwashiwa moto chini ili juu kuwe na baridi, akayatia kwenye sanduku kubwa la majani ya chai. Mlango akauzungushia mpira wa tyubu za baiskeli. Kilichobaki ni cha kuzuia joto, na hapo ndipo macho yake yalipoangukia godoro la mama.

Lilikuwa godoro la usufi, alilokuja nalo siku ya harusi yake.

"Barafu isipoganda Ramadhani hii, nitakushonea jingine kwa mkono wangu," baba alimbembeleza.

"Haya," mama akasema. "Lakini mkekani tutalala sote wawili."

Na walilala, usufi wote ukiwa umeshindiliwa kwenye kuta za sanduku. Mabomba yaligoma, baba akayapindua kichwa chini, akayapumzisha, akayarudisha, yakaanza kupoa! Kwa furaha alikwenda baraza ya msikitini akawatangazia wazee kwamba siku ya kwanza ya mfungo mtaa mzima utafuturu kwa sharubati ya barafu.

"Bwana Suleimani, moto uzae baridi?" Mzee Mwinyi akamuuliza.

"Njoo kwangu asubuhi ya siku hiyo uishike mwenyewe."

Laiti angenyamaza. Alfajiri ya siku ile niliona kwa macho yangu utando wa barafu juu ya bakuli. Kulipokucha, hodi zikaanza. Kwetu mgeni hafukuzwi, na aliloonyeshwa jirani huwezi kumnyima mwenziwe. Kila aliyekuja alifunguliwa, akatia mkono, akamtaja Mola. Bi Mwanakombo, jirani yetu, alitia shavu zima, akisema saumu haibatiliki kwa shavu, kisha akaenda kuwaita dada zake.

"Ufunge huo mlango!" mama alimnong'oneza baba.

"Nimfungie nani?"

Akapandisha utambi, na kila hodi akaiitikia "Karibuni," sauti ikizidi kufifia.

Adhana ya magharibi ilipolia, sharubati ilikuwa vuguvugu kama uji wa mgonjwa. Baba akampa Mzee Mwinyi kikombe. Nilimwonea huruma.

Mzee akanywa, akafuta ndevu.

"Tamu. Barafu yenyewe tuliila mchana kwa mikono, Mungu atusamehe saumu zetu."

Watu wakaangua kicheko, na baba naye akacheka mpaka machozi yakamtoka. Godoro alilishona kweli, kwa uzi wa kushonea matandiko ya baiskeli, na mama akalilalia miaka mingi huku akilalamika kwamba mshono unamchoma ubavu.

Sasa mwanangu ameninunulia friji ya umeme. Inagandisha barafu ngumu kama jiwe, kwa kuwa kutwa nzima hakuna anayekuja kuifungua. Ikifika Ramadhani, mimi huuacha mlango wake wazi kidogo, nikasikiliza kama kuna atakayepiga hodi.