Nyumba ya Nyuma ya Kwetu

Nikisikia harufu ya udongo uliokandwa, naikumbuka Gungu, mtaa wetu kando ya ziwa, ilipokuwa bado mashamba ya mihogo na michikichi. Mwanamke mjamzito aliyevuka ziwa akikimbia vita alikuwa amejihifadhi barazani kwetu, na masika yalikaribia. Baba alitaka aende kambini. Bibi, mama yake baba, akaanza kung'oa mihogo yake nyuma ya nyumba.

"Mjengee hapa, mwanangu."

"Na wakija wengine, mama?"

"Watakuwa majirani."

Watoto tulikanyaga udongo wa kujengea huku tukiteleza na kucheka. Mtoto wa yule mwanamke alizaliwa ndani ya nyumba hiyo, mvua ikinyesha nje. Wengine wakaja kweli, mashamba yakawa mtaa. Bibi alipofariki, majirani walipokezana jeneza hadi makaburini, sisi wajukuu tukakosa hata nafasi ya kulishika.