Picha Zilizotokea Ukutani Bahi

Mimi ni ofisa ugani, na wakulima wa Bahi huniita bibi shamba. Siku ile nilikuwa nimewaita kwenye ukumbi wa kijiji niwaonyeshe filamu fupi ya kupandikiza mpunga. Tulitundika shuka jeupe ukutani, nikaunganisha laptopu na projekta. Akina mama walikaa mbele, wazee wa kiume nyuma, mchungaji wa kanisa karibu na mlango.

Filamu ilikuwa imefika pale mkulima anaponyoosha kamba kwenye jaruba la mpunga. Ghafla kidirisha kikafunguka pembeni, kikatanuka mpaka kikafunika jaruba lote. Walikuwa wanawake wawili karibu uchi, wanacheka, na chini yao maandishi mekundu yakitualika tubonyeze. Nilikifunga, kikafunguka kingine. Nikawa nabonyeza popote vidole vinapoangukia, na picha zikazidi kumiminika. Mwishowe nikachomoa waya wa projekta.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mchungaji alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Naomba radhi, wazazi wangu," nilisema. "Sijui vitu hivi vimetoka wapi." Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

Bibi mmoja wa Kigogo, ambaye Kiswahili hukizungumza taratibu kwa kuchagua maneno, akanyoosha mkono. Nikajiandaa kugombezwa.

"Mwanangu, wale wanawake, kwao ni wapi?"

"Sijui, bibi."

"Mama zao wanajua wamewekwa ukutani, huku Bahi?"

Muda wote nilikuwa nimejifikiria mwenyewe, kazi yangu na macho ya watu. Yeye alikuwa ameshtuka kwa ajili yao. Niliahirisha mkutano, nikafunga vyombo.

Nilipofika nyumbani Dodoma, nilimkuta mume wangu jikoni anakoroga mlenda. Nikamsimulia yote. Mwiko ukamsimama mkononi.

"Ni mimi," alisema. "Jana ile programu yako ya filamu iliandika kwamba ina tundu la kiusalama, isasishwe. Nikatafuta mtandaoni, nikachukua ya kwanza iliyotokea. Nikabonyeza endelea, endelea, mpaka ikaisha. Nilitaka isikusumbue ukiwa mbele ya watu."

Sikuweza kumkasirikia. Tulikaa mezani na laptopu, tukapitia programu zote zilizomo. Mbili hatukuzitambua: moja ilijiita msaidizi wa kutafuta, nyingine ya zawadi. Tuliziondoa zote mbili, na ile ya filamu tukaiondoa pia. Tukarudisha kivinjari kilivyokuwa, tukaruhusu antivairasi ikague kila kitu. Kisha tukaiweka upya programu ya filamu, safari hii kutoka kwenye tovuti ya walioitengeneza.

Nilidhani tumemaliza. Lakini programu ninayosomea nyaraka nayo ilikuwa inadai kusasishwa, na hiyo tuliichukua kwa wenyewe vilevile. Mume wangu akawa anasoma kila kidirisha kwa sauti. Kwenye cha pili akanigeuzia laptopu.

"Hebu soma hapa."

Kwa herufi ndogo za kijivu, zilizokaribia kufanana na rangi ya kidirisha chenyewe, waliandika kwamba nimekubali kuwekewa programu nyingine mbili. Alama za vema zilikuwa tayari zimeshawekwa kwenye visanduku, kana kwamba nimeziweka mwenyewe. Hawa hawakuwa matapeli. Ni watu ninaowategemea kila siku kazini. Nilihisi vile unavyohisi ukimkuta jirani wa miaka mingi ameingia chumbani kwako bila hodi.

"Kumbe huwa wanauliza," nilisema.

"Wanauliza wakijua hatusomi."

Tuliondoa vema zote mbili, tukaendelea polepole hadi mwisho. Sasisho la usalama tulilolitaka likaingia peke yake. Tangu hapo tumeweka programu zinazoweza kujisasisha zenyewe zifanye hivyo, na zisizoweza tunazisasisha tukiwa wawili.

Wiki iliyofuata nilirudi Bahi. Niliogopa ukumbi ungekuwa mtupu, lakini watu walijaa, wengine nadhani walikuja kuona kama nitaaibika tena. Filamu ilikwenda mpaka mwisho. Taa zilipowashwa, akina mama walikuwa wameanza kubishana kama kupandikiza kwa mstari kunastahili kuvunjika mgongo kiasi kile, na yule bibi alikuwa upande wa wanaokataa.