Kiti cha Magokoro

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti nyuma ya nyumba yetu, Ekerenyo, nikiwa na shahada ya uchumi, ndoo na brashi ya viatu. Kazi yenyewe ilikuwa gari kuukuu, lililopita mikono mingi kabla ya kutufikia. Baba, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa idara, alitoa amri fupi: "Kemunto, kufikia Sabato liwe safi. Magokoro anaenda kanisani."

Magokoro ndivyo tunavyomwita nyanya yetu. Tangu avunjike nyonga hawezi kupanda bodaboda, na hiyo ilikuwa Sabato ya kutawadhana miguu, ibada aliyokuwa ameikosa mara nyingi mno.

Nilianzia taa. Zikiingia umanjano husuguliwa kwa msasa laini uliolowa maji, kisha kwa dawa ya meno, mpaka balbu ionekane. Baadaye nikahamishiwa ndani. Usafi wa kweli unataka viti vitoke. Boliti zake ziko kwenye reli, kile chuma ambacho kiti huteleza juu yake. Mtu mwingine angetoa kimoja kimoja. Mimi niliwaza kwamba uvundo wa kimoja ungehamia kingine, nikavitoa vyote, nikavisugua, nikavianika. Mvua ya alasiri ikavisugua upya.

Vilikauka Ijumaa jioni. Nikaanza na cha Magokoro, cha mbele kushoto. Nikakaza, nikatikisa, nikafungua nione kama boliti zimeshika sawasawa, nikakaza tena.

"Chuoni mlikuwa mnafunga boliti moja kwa muhula?" Baba akauliza.

"Na akianguka je?"

"Linaloanguka ni jua, na Sabato inaingia. Weka spana chini."

Sabato ikatukuta na gari lenye kiti cha abiria, bila cha dereva.

Asubuhi Bwana Salim, muuza spea wa Kisii mjini, alituletea kishikio cha dirisha alichokuwa ametuahidi. Alichungulia ndani akacheka. "Binti, ataendesha nani, malaika? Lete spana. Siku yetu sisi ilikuwa jana."

"Hapana, Salim," Baba akasema. "Hata mgeni aliye ndani ya malango yetu hafanyi kazi leo."

Magokoro alikuwa ameketi barazani, kitambaa cha kichwa tayari kimefungwa. "Na aliye nje ya lango?" akauliza.

Baba alifikiri kidogo. Kisha akachuchumaa nyuma ya usukani, akaachilia breki ya mkono, na mteremko wetu ukafanya kazi yake. Gari lilijiendea polepole, likapita lango hadi barabarani. Bwana Salim akalifuata na kiti begani, akakifunga kabla sijamaliza kujiuliza kama mteremko nao unapaswa kupumzika.

Cha nyuma kilibaki uani, kwa hiyo mimi nilienda kwa miguu. Njiani nilijiona mstaafu. Ninyi mnaohitimu baada yangu, nawaambia hivi: kagueni boliti, lakini tazameni na jua.

Nilipofika, akina mama walikuwa wameshapata wenzao wa kutawadhana. Magokoro alikuwa peke yake mbele ya beseni.

"Wameniomba wengi," akasema. "Nikawaambia namngoja fundi wangu."

Nilipiga magoti, nikamwosha miguu taratibu, nikaikausha. Akainamia vidole vyake, akavikagua kwa makini.

"Hapa katikati umeruka," akasema. "Rudia."