Mama alinitumia vipimo vya kidonda, nikaviamini kuliko pua ya dada yangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Bungoma. Nitaisimulia vile ilivyotokea, hata pale inaponiaibisha.

Nasomea masters ya hesabu. Kazi yangu ni model ya virusi wanaoshambulia bakteria. Ndio, wako, hata ndani ya vidonda vyetu wamo wenyewe, na binadamu hawamdhuru.

Swali langu lilikuwa hili: kwenye kidonda sugu, kile cha miezi na miezi, virusi hao watawamaliza bakteria, au bakteria watajificha ndani ya ule utando wao wa kuteleza na kuendelea kuzaana? Unaandika equations, unaingiza namba, kompyuta inakuchorea mstari.

(Wale wa kusema hesabu haina kazi, ngojeni kwanza.)

Mama alikuwa na kidonda kama hicho mguuni. Sukari. Alikuwa anaishi Kibomet, Kitale, na dada yangu Wanjiru. Nikamwomba mama anipimie upana wa kidonda kila Jumapili akitoka kanisani. Alikuwa fundi wa nguo, na sijawahi kusikia ameharibu kitambaa cha mtu, kwa hivyo kipimo chake sikukitilia shaka.

Namba zikaanza kuja kwa SMS, kila wiki zinashuka. Nikaziweka kwenye model, zikakaa juu ya mstari kabisa. Virusi wanashinda! Nikampigia kumshukuru, akacheka, akaniambia nisome.

Kisha Wanjiru akapiga. Mama alikuwa anajifunga bendeji mwenyewe, hataki mtu aone, lakini harufu ilikuwa imejaa nyumba. Akataka ampeleke hospitali alazwe.

Hapa ndipo nilipokosea, wakuu. Nilimjibu kwa ukali kwamba harufu si kipimo, namba zinashuka, angoje wiki mbili. Akangoja. Mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye niliyesoma.

Wiki mbili zilipoisha nikaenda Kitale. Wanjiru alikuwa sokoni. Nikafungua ile bendeji, nikapima mwenyewe. Kidonda kilikuwa mara tatu ya namba ya Jumapili iliyopita.

Nikamuuliza mama kwa nini. Hakuniangalia.

"Nikituma ndogo, sauti yako inakuwa nzuri," akasema. "Ningetuma ya ukweli, si ungeacha shule uje unikalie hapa?"

Tulimkimbiza hospitali siku hiyo hiyo. Mguu ukakatwa, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Siku ya sita akatuacha.

Wahenga husema mficha maradhi kilio humfichua. Lakini mama hakuficha kwa aibu. Alinifichia mimi, na hiyo inaniuma zaidi.

Baada ya mazishi niliingiza kile kipimo changu kwenye model. Mstari ukageuka. Virusi hawafiki ndani ya utando, bakteria wanashinda. Ile model ingeniambia ukweli tangu mwanzo kama ningeenda kupima mwenyewe. Kutoka Bungoma hadi Kitale si safari ya kulala njiani.

Nilichojifunza: mzazi akisema kwa simu yuko sawa, nenda umwone. Na anayelala nyumba moja na mgonjwa asikizwe kabla ya mwenye vyeti.

Wanjiru anaamini hesabu ndiyo iliyokosea; hajui kwamba namba za mama hazikuwa za kweli. Hajanilaumu hata siku moja, ananipikia nikienda, ananiuliza masomo yanaendeleaje. Sijawahi kumwambia kwa mdomo wangu kwamba yeye ndiye alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekosea.

Mliowahi kuomba msamaha wa aina hii, niandikieni hapo chini. Mtu anaanzia wapi?