Elevation Ziko Nne

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, ingawa siku hizi hata miwani yangu naitafuta nikiwa nimeivaa. Imenirudia kwa sababu jana ulikuja hapa Bukhayo na plani uliyoichora mwenyewe ya nyumba unayotaka kunijengea, ukanimwagia Kiingereza mpaka chai ikapoa. Open plan. Setback. Elevation. Nikaitikia tu, nimechoka. Lakini hilo neno la mwisho lilinichoma, kwa hivyo leo keti hapa, weka simu chini.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu kule Budalang'i, ambako mto Nzoia ukifurika haubishi hodi. Baba yako alikuwa anashughulikia malori pale mpakani Malaba, akaamua kumjengea mama yake nyumba ya matofali. Nyanya yako hakuomba madirisha makubwa wala rangi. Aliomba kitu kimoja: nyumba iinuliwe. Maji yalikuwa yamemfukuza miaka nenda miaka rudi, na magoti yake yalikuwa yamechoka kukimbilia tutani, ule ukuta wa udongo uliowekwa kuzuia mto.

Mchoraji wa plani akaja kutoka Busia mjini, shati limepigwa pasi, kalamu zimejaa mfukoni. Nyanya yako Kiswahili kilikuwa kinampiga chenga, basi mimi, msichana wa Form Four, nikawa mkalimani. Wee, nilivyojiona!

"Muulize, nyumba itainuliwa?" akaniambia kwa Kinyala.

Nikaona nikiuliza kwa Kiswahili nitaonekana mshamba. Kwenye Jiografia tulifundishwa kwamba elevation ni mwinuko wa ardhi, basi nikalitoa neno langu. "Boss, mama anauliza kuhusu elevation."

Kijana hakuinua hata kichwa. "Mwambie asijali. Elevation ziko nne: mbele, nyuma, na pande zote mbili. Zote nimemaliza."

Nikamgeukia mama mkwe nikamtafsiria: "Imeinuliwa pande zote nne."

Alipiga vigelegele, mwanangu. Akamkamatia yule kijana jogoo kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea watoto.

Kumbe, nilikuja kujua baadaye, kwa wachoraji elevation ni picha tu, sura ya nyumba ukiitazama ukiwa umesimama nje. Kijana hakudanganya. Alijibu neno alilosikia.

Nyumba ikajengwa, ikapendeza. Ngazi ya kuingilia ilikuwa na vidato viwili tu. Nyanya yako alizitazama, akaniuliza, "Hii ndiyo kuinua?" Nikamwambia, "Karatasi imesema, mama." Akaingia ndani na debe lake la mbegu.

Mvua iliponyesha huko milimani, mto ukavunja kingo. Majirani walibeba magodoro na kuku, wakapanda tutani, wakamwita. Aliwajibu kutoka mlangoni, "Nendeni nyinyi. Yangu imeinuliwa. Mke wa mwanangu amesoma."

Mimi na baba yako tulikuwa Malaba kazini kwake. Tulipofika, wavuvi walikuwa wanamtoa kwa mtumbwi. Walimkuta ameketi juu ya meza, maji yamefika ukingoni mwa meza, amekumbatia debe lake la mbegu. Alikuwa anatetemeka mpaka meno yanagongana. Nilimfunika na leso yangu, nikaanza kulia na kujitetea, eti elevation ya Jiografia ni mwinuko, eti mchoraji alisema zote amemaliza.

Akaniwekea mkono mdomoni. "Mwanangu, mimi sikukuuliza Kizungu. Nilikuuliza maji."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Katika nyumba ile hakulala tena. Tulimleta hapa Bukhayo, kwenye mwinuko, akaishi nasi mpaka alipofariki. Na hata hapa, mvua ikianza tu, nilikuwa namwona anashusha mkono kutoka kitandani, anapapasa sakafu kama imelowa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Usifikiri ni sisi wa zamani tu. Majuzi jirani yetu, mzee wa kutoka Angurai, aliambiwa ploti yake ina setback, akadhani ni mkosi, akakimbia kanisani kuombewa. Kumbe ni ile nafasi unayoachia barabara! Nilicheka, halafu nikamkumbuka nyanya yako, maana mwenye kovu usidhani kapoa.

Basi sikiliza, mwanangu, sina nguvu ya kurudia. Kuuliza si ujinga. Neno usilolijua, liulize. Na lile unalodhani unalijua, liulize zaidi, kwa sababu hilo ndilo litakalokuzamisha. Mtu akikuomba nyumba, usimpe karatasi. Mpeleke kwenye ploti, msimamishe, umwonyeshe kwa mkono: mlango hapa, dirisha hapa, maji yakija yataishia hapa. Akikuuliza kwa lugha ya mama yake, mjibu kwa hiyo hiyo. Kama huwezi kulisema kwa lugha hiyo, basi bado hujalielewa.

Sasa magoti yaliyochoka ni yangu. Jana nilikuomba kitu kimoja: choo kiwe karibu na kitanda. Ukaniambia kuna "ensuite provision". Sijui kama hicho ni choo au ni ahadi ya choo. Mwanangu, kunja hiyo plani. Nishike mkono, twende nje tukapime kwa miguu yangu, si yako.

Mungu akupe kazi nyingi na masikio ya kuifanya. Akupe wateja watakaolala usiku wa mvua bila kupapasa sakafu. Na akuinue, mwanangu. Akuinue kweli, si kwa karatasi.