Kwanza Sema Alichosema Yeye

Majani ya chai yakikaa sana ndani ya gunia hupata joto, na ukiingiza mkono katikati utadhani umegusa ugali ulioepuliwa sasa hivi. Kisha hutoa harufu tamu kidogo, kama ya ndizi zilizoiva kupita kiasi, na kingo zake hugeuka nyekundu. Kila mtoto wa Kiptere aliijua harufu hiyo na kuiogopa, kwa sababu karani wa lori akiinusa tu, hayapimi majani yako na kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Ndiyo maana kituo chetu cha kuuzia chai kilikuwa na meza ndefu ambapo kila mkulima alimwaga majani yake, akayatandaza yapate hewa, akachambua mabua huku akisubiri lori. Lori lenyewe halikuwa na haraka. Basi watu waliongea, na mwaka wa uchaguzi waliongea siasa.

Naitwa Chebet, na wakati huo nilikuwa na miaka kumi. Sisi ni Wakipsigis, wenyeji wa pale. Jirani yetu, Baba Kwamboka, ni Mkisii aliyekuja akiwa kijana kuchuna chai kwenye shamba la kampuni, akanunua kipande cha ardhi kilichopakana na chetu, akaoa, akazaa. Mimi na binti yake Kwamboka tulikuwa chanda na pete. Baba zetu walibishana juu ya kila kitu, kuanzia dawa ya kupe mpaka siku ya kupanda mahindi, nami niliamini kwamba ubishi ndio uliokuwa urafiki wao. Siku moja lori lilichelewa mno. Ubishi ulianzia kwenye barabara mbovu, ukahamia kwa wagombea, sauti zikapanda. Baba yangu ni mtu ambaye huyasikia maneno yake baada ya kuyasema. Mbele ya kituo kizima alimwambia mwenzake, "Kama hutaki mtu wetu, si urudi kwenu?" Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Watu waligawanyika pande mbili, kila upande ukipiga kelele, na hakuna aliyekumbuka kufungua magunia. Lori lilipofika, majani yote yalikuwa yameungua kwa joto la magunia, ya upande huu na ya upande ule. Karani aliyakataa yote bila kuuliza nani anamuunga mkono nani.

Hasara ya majani tungeisahau, maana chai huchipua tena. Lakini Baba Kwamboka hakuonekana kituoni kesho yake, wala siku iliyofuata. Shuleni, Kwamboka aliniambia kwamba baba yake alikuwa amempigia simu mjomba wake amtafutie mnunuzi wa shamba, na kwamba wangehama kabla ya uchaguzi. Nililia njia nzima hadi nyumbani. Nilimkasirikia Baba kiasi kwamba jioni ile nilimpelekea chai ya strungi, isiyo na maziwa, ilhali maziwa yalikuwepo tele. Aliitazama, akanitazama, akainywa yote. Nadhani alijua.

Mama alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kituo. Wengine kwenye kamati walitaka siasa ipigwe marufuku pale mezani, lakini yeye alikataa. "Mkiikataza hapa," alisema, "wataenda kuiongelea kwa kujificha, na huko ni kubaya zaidi." Alikwenda kwa kina Kwamboka, akakaa huko alasiri nzima, akarudi na ahadi moja tu: jirani angekuja kituoni mara moja tu, asikilize. Alipokuja, Mama alitangaza sheria yake. Anayetaka kumpinga mwenzake, kwanza aseme alichosema yeye, mpaka huyo mwenzake akubali kwamba ndivyo. Na mikono isiache kuchambua. Kisha akasema mumewe ndiye atakayeanza. Nilikuwa nimesimama karibu na Kwamboka, tumeshikana mikono mpaka vidole vikauma.

Baba alikohoa. "Anasema anataka mtu wa kwao."

"Hapana," Baba Kwamboka alijibu, macho yakiwa kwenye majani. "Hiyo sikusema."

"Anasema viongozi wetu wote ni wezi."

"Hiyo umeongeza wewe, Baba Chebet."

Watu walicheka, ila Baba hakucheka. Alichambua mabua kwa muda mrefu kabla ya kujaribu tena. "Unasema huyu wetu alituahidi barabara mara mbili na lori bado linakwama. Chai unabeba kwa mgongo kama mimi. Unataka mwenye atatengeneza, hata akitoka wapi."

"Ndiyo. Hivyo ndivyo nilisema."

Sasa ilikuwa zamu ya Baba kumpinga, lakini alibaki ameshika bua mkononi. "Ile ingine, ya kurudi kwenu," alisema mwishowe, "hapo nilikosa. Hapa ni kwenu. Unisamehe." Baba Kwamboka aliitikia kwa kichwa, kisha naye akaeleza ya Baba: kwamba mtu wa karibu, hata akiwa mzembe, unaweza kumfuata nyumbani kwake ukamgombeza. Baba alikubali kwamba ndivyo. Hakuna aliyebadilisha kura yake. Jioni hiyo mjomba alipigiwa simu akaambiwa shamba haliuzwi, nami nilihisi wepesi wa mtu aliyetuliwa gunia kichwani.

Siku hizi nafanya kazi Kabianga, na ubishi wote umehamia kwenye simu. Katika kikundi cha ukoo wetu watu hujibu mambo ambayo hakuna aliyeyasema, kisha hujiondoa kwa hasira. Mimi mwenyewe nimewahi kujiondoa mara mbili. Nikiwakumbusha sheria ya Mama, wengine hunicheka, mmoja mmoja hujaribu. Sisemi kwamba zamani tulikuwa watu wema zaidi. Neno lile baya lilitoka kinywani mwa baba yangu, mchana kweupe. Tofauti ni kwamba alilazimika kulikabili mezani, mbele ya yule aliyeambiwa.

Uchaguzi uliopita nilikuwa nyumbani Kiptere. Asubuhi Baba Kwamboka alimpitia Baba, wote wawili na fimbo zao za kutembelea, waende kupiga kura. Niliwatania kwamba kura zao zinafutana, afadhali wabaki wanywe chai. Baba alinishangaa. "Nikibaki," aliniuliza, "huyu atatembea na nani?" Wakashuka mteremko wakibishana kwa sauti kubwa, nami nikarudi jikoni bila wasiwasi wowote.