Mashine Moja, Vyumba Viwili

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, hospitali ndogo niliyofanyia kazi upande wa Makueni ilikuwa na kompyuta moja na skrini mbili: moja maabara, nyingine mapokezi. Kwa programu niliyoandika mwenyewe, niliigawa ikawa kama mashine mbili. Kila moja iliamini kumbukumbu yote ni yake, na kurasa zake zinaanzia namba sifuri. Kumbe sifuri ya maabara ilikuwa mahali pake na ya mapokezi pake, na ni jedwali la ndani ya programu yangu tu lililojua ni wapi hasa. Nilijivuna sana, sitaficha.

Kuuliza jedwali kila mara kulichelewesha kazi, kwa hiyo mashine ilijiwekea pembeni majibu ya karibuni. Mashine ikihamia upande wa pili ni lazima majibu hayo yafutwe, la sivyo upande huo utafungua kurasa za mwenzake. Mimi sikuyafuta kila mara. Nilitaka watu wasifu kasi, na kweli walisifu.

Asubuhi moja mama wa mapokezi aliniita. Alikuwa akitafuta kadi ya mgonjwa, skrini ikamletea ukurasa wa maabara: jina, na chini yake majibu ya kipimo cha Ukimwi. Mwenye jina alikuwa nao.

"Hii jina si ni yako?" aliuliza polepole.

Lilikuwa langu. Lilikuwa pia la mtoto wa baba mkubwa, kwa sababu kwetu Ukambani kifungua mimba wa kiume hupewa jina la babu, na maabara iliandika jina la nyumbani tu, bila la ubatizo. Mimi sikuwa nimepimwa. Yeye alipimwa wiki ile.

Mama huyo alitoka Mbooni, akisali kanisa moja na wazazi wa mchumba wangu. Nikikana, atabaki mtu mmoja tu wa kunyooshewa kidole. Siri ilikuwa ya ndugu yangu huyo, na mimi ndiye niliyeivujisha. Sikukana. Siku hiyo hiyo niliongeza kwenye programu mstari mmoja wa kufuta yale majibu ya pembeni, ukafanya kazi vizuri.

Baada ya wiki mbili, wazee wa kwao mchumba wangu, Mbooni, walirudisha mbuzi wetu wa mahari, uchumba ukaisha. Niliumia hadi chakula kikanishinda. Ndugu yangu yule, ambaye sasa alikuwa amepewa majibu yake, alikuja kunisaidia kuwaingiza mbuzi zizini.

"Mbona hukuwaambia si wewe?" aliniuliza.

"Wangeuliza ni nani."

Aliketi chini kando ya ua akalia. Mimi niliwapa mbuzi maji, maana walikuwa wametembea tangu alfajiri.